Delu na Vichwa Vinne

Kwa miaka thelathini na moja Delu ndiye aliyekuwa mkandaji wa wazazi mtaani kwetu Tudun Wada, hapa Zaria, kaskazini mwa Naijeria. Mwanamke akishajifungua tu, mtu hutumwa kumwita. Atakuja na kitita cha matawi ya mwarobaini kichwani, atasimamia sufuria mpaka maji yatokote, kisha atachovya matawi na kumchapa nayo mzazi mgongoni, kiunoni na tumboni, asubuhi na alasiri, siku arobaini. Mimi alinikanda kwa watoto watatu. Mgongoni bado nina alama za yule wa kwanza, maana siku hizo Delu alikuwa hajajua huruma.

Alikuwa mtu wa kuuliza. Akimkuta fundi amepanda nguzo ya umeme, atasimama chini amuulize waya ule unakwenda wapi na huu unarudi na nini, mpaka fundi amwombe aende zake. Kusoma hakusoma zaidi ya Kurani ya utotoni, lakini ukimtajia mwanamke yeyote aliyepita mikononi mwake atakwambia alijifungua mwezi gani, mtoto alitanguliza kichwa au miguu, na maziwa yalishuka siku ya ngapi. Wanawake wengine walichoshwa na maswali yake. Aliingia chumbani kwa mzazi, na hata kabla hajakaa ameshauliza kama amelala, amelalia upande gani, na kwa nini asilalie ule mwingine.

Hindatu alikuwa mtoto wa kwanza wa jirani yangu Mairo. Aliolewa na Sunusi, fundi wa kudarizi kanzu, na mimba ilipofika mwezi wa saba akarudi kwa mama yake, kama inavyokuwa kwa uzazi wa kwanza. Alijifungua mtoto wa kike kwenye zahanati ya mtaa. Damu ilitaka kumzidi kidogo, wakampiga sindano ikakoma, na jioni akaletwa nyumbani. Delu akaanza kazi yake.

Siku nne zilikwenda vizuri. Hindatu alilia kama wanavyolia wote, na wanawake waliomshika mikono walimcheka kama walivyochekwa wao. Siku ya tano, alasiri, Delu alichovya matawi, akampiga la kwanza mgongoni, na Hindatu akanyamaza. Ukimya ule ndio uliomshtua Delu. Msichana alijishika kisogo kwa mikono miwili, akakunja uso, akaketi kwenye maji yaliyomwagika.

"Kichwa," alisema. "Shangazi, kichwa kimepasuka."

Wanawake wakamwambia aache deko. Delu akawanyamazisha. Alimfunika kitambaa, akamlaza, akakaa naye. Hindatu alitapika mara moja. Uji wa magadi aliopikiwa ulipoa, ukapashwa moto tena, na ndipo maumivu yakaanza kushuka. Kufikia magharibi alikuwa ameketi akimnyonyesha mtoto, kichwa kikiwa kizito tu.

Asubuhi yake Mairo alisisitiza maji yachemshwe kama kawaida. Aliyasema hayo akiwa nyuma ya ukuta, kwa sababu kwetu mama anayejiheshimu hamhangaikii mtoto wake wa kwanza mbele za watu wala halitaji jina lake. "Mwambieni Delu huyo msichana asikose maji," alisema. "Baridi ikimwingia mwilini nitailaumu nyumba nzima." Delu alichapa tawi moja, na kichwa kikaja vilevile, kwa nguvu ileile, mahali palepale.

Alasiri ile Delu alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliacha maji yapoe mpaka mtu aweze kutia mkono na kuuacha humo, akamkanda Hindatu nayo polepole. Kichwa hakikuja. Mimi nilikuwepo, na nilimwona akiitazama ile sufuria kama mtu aliyeambiwa nusu ya habari.

Siku ya saba ilikuwa ya kumpa mtoto jina. Kondoo alichinjwa, watu wakajaa, mtoto akaitwa Rumasa'u. Hindatu alikwenda chooni, akajikamua kidogo kutoa choo, na kichwa kikamkamata humohumo. Dada zake walimtoa akiwa amekunjamana. Mmoja akasema ni jicho la watu, kwa kuwa mama na mtoto walikuwa wamependeza mno. Mwingine akasema ni jini wa chooni. Mairo akataka aitwe mtu wa kumsomea Kurani. Delu hakubishana nao. Aliniambia pembeni kwamba kama ni maji, basi chooni hapakuwa na maji ya moto, na kama ni jini, jini huyo anapenda sana kumngoja mtu ajikaze.

Kesho yake Sunusi alikodi gari, tukaenda hospitali kubwa nje ya mji. Mairo alibaki kwa haya zake, ingawa nilimwona mlangoni akifuta macho na ncha ya mtandio. Delu alikwenda kwa sababu hakuna ambaye angeweza kumzuia, nami nilikwenda kumbeba mtoto.

Daktari wa kwanza aliyetupokea alikuwa kijana mwenye adabu lakini amechoka. Alipima presha, ikawa imepanda kidogo tu. Alipima mkojo, ukawa safi, akasema si kifafa cha mimba. Alimuuliza Delu yeye ni nani kwa mgonjwa.

"Mimi ndiye ninayemkanda," Delu akasema.

Kijana akashusha pumzi. "Kumbe ni nyinyi mnaowachemsha watoto wa watu."

"Nimewachemsha mia nne na ushei, dokta. Huyu ndiye wa kwanza kushika kichwa badala ya mgongo. Wewe hutaki kujua kwa nini?"

Kijana aliandika. Hindatu akalazwa. Picha ya kichwa haikuonyesha damu iliyomwagika. Wakamchoma sindano mgongoni kuchukua maji ya uti wa mgongo, nayo yakatoka meupe, hayana kitu. Siku ya pili pale wodini alikohoa kwa vumbi la upepo wa kiangazi, na kichwa kikaja mara ya nne, manesi wakiona. Baada ya hapo wakampiga picha nyingine, ya mishipa ya damu yenyewe, kwa kumpitishia dawa mkononi. Picha ile ndiyo iliyoleta mjadala. Mishipa ya ubongo wa Hindatu haikuwa laini. Ilibana, ikatanuka, ikabana tena, kama shanga zilizotungwa kwenye uzi.

Daktari kijana alisema mishipa imeshika uvimbe wa ndani kwa ndani, na mgonjwa aanze mara moja dawa kali za kuuzima. Alimwita daktari mkubwa wa magonjwa ya ubongo aje aidhinishe. Ndipo alipoingia Dokta Yagana, mama mnene wa makamo, viatu amevikanyaga visigino. Alikuwa Mkanuri wa Maiduguri. Delu kwa baba ni Mfulani, na hao ni watani tangu enzi na enzi, kila mmoja akimwita mwenzake mtumwa wake.

Dokta Yagana alimtazama Delu usoni, akaona chale za nyumbani kwao. "Mfulani. Ng'ombe umemwachia nani?"

"Nimemwachia baba yako," Delu akasema. "Si ndiye mchungaji wangu? Ila sikujua kama mtumwa wangu amesomesha watoto."

Daktari kijana alishtuka. Dokta Yagana alicheka mpaka akashika meza, akavuta kiti, akaketi goti kwa goti na Delu.

"Haya, bibi mwenye ng'ombe. Nataka kuanza na wewe, maana wewe ulikuwepo. Kichwa kilianza kidogo kikapanda, au kilikuja chote mara moja?"

"Chote. Kabla sijainua tawi mara ya pili, alikuwa ameshafika kilele cha maumivu."

"Kikakaa?"

"Mpaka uji ukapoa na kupashwa. Kama saa moja hivi. Halafu kikabaki uzito."

"Na katikati ya kimoja na kingine anakuwaje?"

"Anacheka. Ananyonyesha. Anamuuliza mumewe kama amekula."

"Vingapi?"

"Vinne, pamoja na hicho cha kikohozi. Viwili vya maji ya moto, kimoja cha kujikamua. Maji ya vuguvugu hayakuleta kitu."

Dokta Yagana alimgeukia mwenzake. Alinyanyua nyusi. Kisha akauliza Hindatu anatumia nini, dawa yoyote, hata ya dukani, na Hindatu mwenyewe akasema hana dawa anayotumia. Delu akamwambia asimdanganye daktari, matone ya pua je? Kweli, tangu vumbi lilipoanza, Hindatu alikuwa akidondosha puani dawa ya kuzibua mafua aliyonunuliwa na Sunusi, mara nne au tano kwa siku. Hakuihesabu kuwa dawa. Dokta Yagana akaomba aione ile chupa, akaisoma, akaitia mfukoni mwake na hakuirudisha. Akauliza pia ile sindano ya zahanati ya kuzuia damu, akaandika.

Delu hakuwa mtu wa kuulizwa tu bila kuuliza. Alisema amewahi kuona vichwa vitatu vya namna yake, na anataka kujua kama ndivyo hivi au sivyo. Daktari kijana alikuwa na wodi nzima inayomngoja, lakini Dokta Yagana akamwambia aketi asikilize, na akaketi.

Cha kwanza kilikuwa cha Asabe wa kwa wachinjaji. Alikuwa ameinua kapu la mtama, akasema kichwa, akaanguka. Shingo ilikauka, hata kidevu hakikugusa kifua. Alikuwa na kichwa hicho kimoja tu, na siku ya tatu walimzika. Cha pili kilikuwa cha Ladidi, mzazi wa wiki mbili. Chake kilianza kama mafua, kila siku kikaongezeka, akilala kinazidi na akiketi kinapungua, macho yakaingia ukungu, kisha akapata degedege. Alipona, ila mkono wake wa kulia hauwezi kusuka nywele mpaka leo.

Dokta Yagana alimsikiliza bila kumkatiza. Akasema hakuwapima, kwa hiyo anabahatisha. Lakini Asabe, kwa alivyoelezwa, mshipa wake ulikuwa na mahali palipotuna kama kipele, siku nyingi bila yeye kujua, na siku ile pakapasuka. Ladidi damu iliganda kwenye mishipa inayoirudisha kutoka ubongoni, ikaziba kidogo kidogo, ndiyo maana na kichwa kikapanda kidogo kidogo.

"Na cha tatu?" akauliza.

"Cha tatu ni cha mume wangu."

Mimi nilimjua mumewe, mshona viatu vya ngozi, na nilijua alikufa akiwa amechanganyikiwa, lakini sikuwahi kumsikia Delu akilieleza jambo lile. Alisema kilianza mwezi wa mfungo, kichwa kidogo tu, cha kila siku, kisichomzuia kazi. Kufikia Mfungo Tatu, mwezi wa hija, alikuwa akikosea vipimo vya miguu ya watu. Baadaye alipotea njia ya kwenda msikitini, njia ya hatua mia moja. Akawa mkali, yeye ambaye hakuwahi kumpigia mtu kelele. Ulimi ukawa mzito, mguu ukaburuta. Ndugu zake walisema mke wa kwanza wa baba yake amemfunga, wakazunguka naye kwa waganga mwaka mzima. Hapakuwa na kishindo hata siku moja.

"Huyo inawezekana ndiye aliyekuwa na ugonjwa ambao mwenzangu anafikiri huyu binti anao," Dokta Yagana akasema. "Mishipa ya ubongo inavimba kuta zake, taratibu, wiki na miezi. Inawezekana. Huenda pia kilikuwa kitu kingine, nyama iliyoota, au maradhi yaliyoingia ubongoni. Sitakwambia najua, kwa sababu sijui."

"Kuna dawa yake?"

"Ipo. Ikiwahiwa."

Delu alitikisa kichwa. Halafu akauliza, sasa huyu wa leo ana nini.

Dokta Yagana alinyanyua ile picha dirishani. "Ukimpa daktari yeyote picha hii bila maneno, atasema mishipa imevimba. Hata mimi. Mishipa ya mume wako, kama ndiyo hiyo, ingepigwa picha ingeweza kuonekana hivihivi. Lakini picha haisemi jambo lilikuja vipi. Mishipa iliyovimba haiji kwa kishindo ikaachia kabla uji haujapoa mara mbili, na maji ya mgongoni kwa kawaida huwa machafu. Ya huyu safi. Naona mishipa yake imebana tu. Inabana, inaachia, inabana pengine."

"Kama msuli wa mguu unavyokaza ukiwa usingizini?"

"Kama hivyo. Mshipa nao una msuli. Mwanamke akishajifungua huwa mwepesi kubana, na wa huyu umechokozwa na vitu vingi. Sindano, matone, maji yako, kujikamua."

Delu hakupenda kutajiwa maji yake mbele za watu, nilimwona, lakini hakujitetea. Aliuliza jina la ugonjwa lina umuhimu gani, maadamu mgonjwa ni mmoja. Dokta Yagana akamjibu kwamba dawa ya mwenye uvimbe akipewa mwenye kubana inaweza kumzidishia, na mwenye uvimbe akiambiwa apumzike tu, ameuawa kwa maneno matamu. Daktari kijana akauliza, kwa heshima, je, kama tunakosea? Mkubwa wake akasema hilo ndilo swali, na akampa kazi ya kuandika kwenye faili ni dalili gani ikionekana wabadili mawazo, na wataitazama siku zipi.

Hindatu akaanzishiwa vidonge vya kulegeza mishipa. Akakatazwa maji ya moto, kujikaza, kubeba kitu na kitu chochote cha puani. Hatukurudi nyumbani tukishangilia. Siku ya tatu tangu aanze vidonge, kichwa kilikuja tena, na kesho yake mkono wa kushoto ukafa ganzi karibu nusu saa, kikombe kikamtoka. Sunusi alikuja mbio kutoka kwenye cherehani yake, kidole bado kina kastabini, akataka amtoe mkewe ampeleke kwa mtu anayemjua huko Kano. Alimlaumu Delu pia, kwamba yeye na dokta wake wanamfanyia mkewe majaribio. Delu alikiri kwangu baadaye kwamba siku ile alitetereka. Walipiga picha tena, hawakuona kilichokufa ubongoni. Dokta Yagana akaongeza dawa na kusema mishipa hii haijaanza kuachia, tungojee. Mkono ulikuwa umesharudi.

Baada ya hapo kikaja kimoja zaidi, chepesi. Kisha havikuja tena. Wiki ya tatu Hindatu alirudi kwa mama yake, na Mairo, aliyekuwa uani akichambua majani ya mbuyu, aliendelea kuchambua bila kuinua macho. Siku zilizobaki za arobaini Delu alimkanda kwa maji ya vuguvugu.

Miezi mitatu ilipotimia tukarudi kwa ile picha ya mwisho. Delu alidai aoneshwe zote mbili, ya zamani na mpya, zikiwa zimewekwa pamoja. Ya mpya mishipa ilikuwa laini toka mwanzo hadi mwisho, kama matawi yaliyomenywa. Daktari kijana, ambaye sasa alikuwa akimwamkia Delu kabla hajaamkiwa, alimwonyesha kwa kalamu mahali ambapo shanga zilikuwa.

"Mia nne wamepita kwangu kwa maji yaleyale," Delu akasema. "Kwa nini yeye?"

"Sijui," Dokta Yagana akasema. "Hakuna anayejua vizuri. Ukipata jibu uniletee, mtumwa wangu."

"Mtumwa ni wewe, uliyekaa kwenye kiti changu."

Kilichobadilika hapa mtaani ni maji. Delu hakukandia tena maji yanayotokota. Alitia mkono wake kwanza, na kama hakuweza kuuacha humo, aliyaacha yapoe. Nyumba tano au sita zilimwacha zikamchukua mkandaji wa mtaa wa pili, ambaye alipita akisema maji ya Delu ni ya kuogeshea bata. Delu alipoambiwa aliuliza tu kama yule mwenzake huwa anawauliza wanawake anaowakanda kuhusu kichwa, na alipojibiwa kwamba hawaulizi, akasikitika.

Mwaka jana aliitwa nyumba moja karibu na stesheni ya zamani. Mzazi wa siku kumi na mbili alikuwa na kichwa, na wenyeji walitaka akandwe vizuri kitoke. Delu aliketi akauliza kilikujaje. Kidogo kidogo, akaambiwa, tangu Ijumaa, na leo ni Jumatano. Akilala? Kinazidi, anapenda kuketi. Macho? Yule binti akasema tangu jana anaona mlango ni miwili. Delu hakuweka sufuria jikoni. Alimwambia mume wa yule binti alete gari sasa hivi, na kama hana, akaazime. Hospitalini walikuta damu imeganda ubongoni, wakampiga sindano za kuiyeyusha siku nyingi. Alirudi na mikono yake yote miwili mizima, na siku ya arobaini alinisuka mimi nywele.